Nyimbo za Kisurealisti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vurugu, Msukosuko wa Nafsi na Kujitambua

Maswali haya huulizwa na wasikilizaji waliokwama kwenye wimbo wasiouelewa lakini hawawezi kuuacha, na pia na wanaoanza kutunga. Majibu mengi yanarejea wimbo mfupi uliotungwa kwa ajili ya ukurasa huu, ili tuwe na mistari ya kushika mkononi tunapojadili:

*Nimefungua kabati, bahari ikamwagika,*
*samaki mwenye miwani akaniuliza jina.*
*Nikamjibu kwa sauti ya mlango uliokwama,*
*saa ukutani ikatema meno, ikanyamaza.*

*Niitie, niitie yule aliyevaa uso wangu,*
*mwambie ngazi zimekwisha, nyumba bado inapanda.*

*Nimemkuta jikoni anachemsha kivuli changu,*
*akanipa kijiko, akasema: onja, ndiwe.*

*Niite, niite, nimevaa uso wangu,*
*ngazi zimekwisha, nami bado ninapanda.*

## Misingi

Wimbo wa kisurealisti ni upi hasa?

Ni wimbo ambao mambo yake yanaungana kwa mantiki ya ndoto. Ndotoni unaweza kuzungumza na mtu aliyefariki zamani na usishangae hata kidogo, unashangaa ukishaamka. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuitafuta: jambo lisilowezekana linatokea, na anayeimba analipokea kana kwamba ni la kawaida. Kwenye wimbo wetu bahari inamwagika kutoka kabatini, na mwimbaji hapigi kelele wala hakimbii. Anaulizwa jina, anajibu.

Alama ya pili ni kwamba taswira zake zina upande mmoja tu. Mtu akiimba "moyo wangu ni bahari", pande zote mbili za sitiari zimetajwa: moyo uko hapa, bahari iko pale, na tunajua kipi kinafananishwa na kipi. Akiimba kwamba amefungua kabati na bahari ikamwagika, tunapewa bahari peke yake. Upande wa pili umeachwa wazi, na msikilizaji ndiye anayeujaza.

Mtindo huu ulianzia wapi?

Guillaume Apollinaire ndiye aliyelitumia kwanza jina la surealisimu, mwaka 1917 huko Ufaransa. Mwaka 1924 mshairi André Breton akatoa manifesto yake, yaani tamko la mtindo huo, mjini Paris, akaeleza kwamba lengo ni kuiacha fikra ijiseme yenyewe bila kusimamiwa na akili inayopanga wala na maadili yanayokataza.

Chanzo ninachokiona kizito zaidi kiko kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Breton alikuwa mwanafunzi wa udaktari, na mwaka 1916 alipangiwa kazi Saint-Dizier, kwenye kituo kilichopokea askari waliovurugwa akili na mapigano. Aliwasikiliza wakisema mambo yasiyoungana, akavutiwa na nguvu ya taswira zao. Alikuwa pia akifuatilia kazi za Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyechunguza akili ya mtu, ambaye kitabu chake kuhusu ndoto kilitoka mwishoni mwa 1899 ingawa kilichapwa mwaka 1900 juu yake. Mwaka 1919 Breton na mwenzake Philippe Soupault wakakaa chini wakaandika kwa kasi chochote kilichowajia, bila kurudi nyuma kusahihisha. Kwa hiyo anayedhani vurugu ya mtindo huu ni pambo la watu waliokosa la kufanya, akumbuke ilitoka midomoni mwa nani.

Kwenye nyimbo, mtindo uliingia kwa kishindo katika miaka ya 1960 kupitia watunzi wa muziki wa roki, Bob Dylan na John Lennon wakiwa miongoni mwao.

Kwa nini mtunzi asiseme tu anachohisi?

Kwa sababu mara nyingi hakijui. Mtu aliye katikati ya msukosuko wa nafsi hukuambia "sijielewi", na hapo anasema ukweli mtupu. Ukimlazimisha aeleze kwa mpangilio, kwanza hiki, kisha kile, na sababu yake ni hii, atakupa maelezo yaliyonyooka kuhusu jambo ambalo ndani yake halijanyooka. Maelezo hayo yatakuwa na makosa hata kama kila sentensi ni ya kweli.

Kuna sababu nyingine. Majina ya hisia ni ya watu wote: huzuni, hofu, aibu, upweke. Ukisema "nina hofu" msikilizaji anaitikia kwa kichwa, kwa kuwa anadhani ameshakuelewa, na mazungumzo yanafungwa. Ukisema saa ukutani imetema meno, hawezi kuitikia upesi hivyo. Inambidi akae na ile saa: kwa nini meno, yalikuwa ya nani, kwa nini imenyamaza baada ya hapo? Muda anaoutumia hapo ndio muda anaokaa karibu na hofu yako, badala ya kukaa karibu na jina lake.

Freud alieleza pia kwamba ndoto hukusanya watu na mambo kadhaa katika umbo moja. Mtu wa ndotoni anaweza kuwa na sura ya ndugu na sauti ya mwalimu. Wimbo wa kisurealisti unafanya kazi hiyohiyo. "Yule aliyevaa uso wangu" anaweza kuwa adui, pacha, mzazi ambaye mwimbaji amefanana naye, au mwimbaji mwenyewe wa miaka iliyopita. Sentensi ya kawaida ingemlazimisha mtunzi achague mmoja.

Nikiri upande wa pili pia: kuna mambo yanayotaka kusemwa waziwazi. Wimbo wa kumwambia mtu "nisamehe" hauhitaji samaki mwenye miwani, na mtunzi anayejificha nyuma ya samaki wakati anadaiwa msamaha anakwepa.

Je, hili si fumbo tu kama mafumbo mengine?

Hapana. Fumbo hufumbwa na mtu anayejua jibu. Ametaka kumsema fulani bila kumtaja, na aliyelengwa anajijua. Kitendawili nacho kina jibu moja, ukikosa unatoa mji na kuambiwa. Wimbo wa kisurealisti hauna jibu lililofichwa chini ya mkeka. Mtunzi mwenyewe anautumia kutafuta.

Hata hivyo msikilizaji aliyelelewa na mafumbo ana faida kubwa hapa. Amezoea kwamba maneno yana tumbo, na hana haraka. Anachopaswa kukiacha ni lile swali la "anasemwa nani?" Swali linalofaa zaidi ni "kunatokea nini?"

Je, haya ni mambo ya Ulaya tu?

Jina ni la Ulaya. Njia yenyewe imepita mikononi mwa wengi, na baadhi yao waliitumia kwa kazi nzito kuliko ile ya Paris. Aimé Césaire, mshairi wa kisiwa cha Martinique katika Karibi, aliipokea kama silaha ya kujitafuta: lugha aliyofundishwa shuleni ilikuwa ya mtawala, na kwa kuivunja mpangilio wake alichimba utu mweusi uliofukiwa chini yake. Shairi lake refu la kurudi nyumbani lilitoka mara ya kwanza mwaka 1939. Misri nayo ilikuwa na kundi la wasanii wa kisurealisti Cairo tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, Georges Henein akiwa mmoja wao.

Katika Kiswahili, Euphrase Kezilahabi aliachana na vina na mizani katika diwani ya *Kichomi* (1974), na riwaya zake fupi za baadaye zinakwenda kwa hatua za ndoto, mtu akisafiri ndani ya nafsi yake. Hizo si nyimbo, lakini mtunzi wa nyimbo anayetaka kujua Kiswahili kinaweza kubeba nini azisome.

## Kusikiliza na kuelewa

Sielewi hata mstari mmoja. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kile ambacho hakijavurugika. Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote katika ukurasa huu: wimbo mzuri wa vurugu unavuruga upande mmoja na kushika upande mwingine kwa nguvu. Ukiupata upande ulioshikwa, umepata mlango.

Tazama wimbo wetu. Matukio yake ni ya kichaa, lakini sarufi haina kasoro: mtendaji, tendo, mtendwa, kila kitu mahali pake. Mwaka 1957 mwanaisimu Noam Chomsky alichapisha sentensi yake maarufu kuhusu mawazo ya kijani yasiyo na rangi yanayolala kwa hasira, kuonyesha kwamba sentensi inaweza kutimia kisarufi bila kuwa na maana ya kawaida. Watunzi walikuwa wakilijua hilo kwa masikio kabla hajalisema. Sarufi ikisimama wima, msikilizaji anakubali kuingia nyumba yoyote.

Kisha angalia mahali. Kabati, mlango, saa ya ukutani, ngazi, jiko: vyote ni vitu vya nyumbani. Bahari imeingia ndani ya nyumba, haikubaki ufukweni. Sasa tunajua kitu: chochote kinachomsumbua mwimbaji kimemfikia pale anapopaswa kuwa salama.

Halafu fuata vitenzi. Kufungua, kumwagika, kuuliza, kujibu, kutema, kunyamaza. Ubeti wa kwanza unaanza kwa kufungua na kuisha kwa kunyamaza. Mtu alifungua jambo, likawa kubwa kuliko alivyotarajia, akaulizwa yeye ni nani, na sauti yake ikakwama. Hatujakisia chochote kuhusu maana ya samaki, na tayari tunamwelewa mtu huyu.

Mwisho, sikiliza kiitikio kinaporudi. Kimebadilika? Tazama swali la kujitambua hapo chini.

Je, kila taswira ina maana yake maalumu, maji yakiwa hisia, ngazi zikiwa maendeleo?

Achana na orodha za namna hiyo. Bahari ya mvuvi na bahari ya mtu aliyefiwa na ndugu yake majini ni bahari mbili tofauti. Maana ya taswira inatoka kwenye jirani zake ndani ya wimbo uleule. Ngazi zetu zina maana kwa sababu zimekwisha huku nyumba ikiendelea kupanda; ngazi nyingine kwenye wimbo mwingine zitasema mengine.

Nitajuaje kama mtunzi ana jambo, au anatupa maneno tu?

Jaribu kubadilisha. Chukua taswira moja, weka nyingine ya ajabu sawasawa nayo, uone kama wimbo unaumia. Weka tembo mahali pa samaki. Samaki anatoka kwenye bahari iliyomwagika, na miwani yake inamfanya awe mtu wa kukagua, ndiyo maana anauliza jina. Tembo angekuwa wa ajabu vilevile, lakini angekata uzi. Wimbo ambao taswira zake zote zinaweza kubadilishwa bila hasara umejazwa vitu tu.

Ishara nyingine ni mwendo. Ukiweza kupanga beti zake kwa mfuatano wowote na hakuna kinachoharibika, vurugu hiyo imesimama palepale, haiendi popote.

Mtunzi mwenyewe amesema wimbo wake hauna maana. Kwa nini nihangaike?

Watunzi husema hivyo kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kujilinda dhidi ya watu wanaozigeuza nyimbo zao mitihani. John Lennon alitunga wimbo wa walrasi (mnyama wa baharini mwenye meno marefu), uliotoka mwaka 1967, baada ya kusikia kwamba katika shule aliyosoma mwalimu alikuwa akiwachambulisha wanafunzi nyimbo za kundi lake, The Beatles. Aliamua kuwavuruga wachambuzi. Walrasi mwenyewe alimtoa kwenye shairi la mwandishi Lewis Carroll la mwaka 1871, na baadaye akasema hakuwa ametambua kwamba katika shairi hilo walrasi ndiye mwovu.

Ninachokipenda kwenye kisa hiki ni kwamba mtu aliyekusudia kuvuruga tu alichagua umbo lenye mzigo kuliko alivyojua. Kauli ya mtunzi ni ushahidi mzuri kuhusu nia yake. Kuhusu kilichoingia kwenye wimbo, yeye ni shahidi mmoja kati ya kadhaa, na maneno yenyewe ni shahidi mkubwa zaidi.

Mimi na rafiki yangu tumepata maana tofauti. Nani yuko sahihi?

Mnaweza kuwa sahihi wote wawili, mradi kila mmoja aonyeshe mistari inayombeba. Anayesema "mimi nahisi tu" bila kuonyesha popote ameanza kuzungumza kuhusu yeye mwenyewe. Hilo nalo lina thamani, ila ni mazungumzo mengine.

## Vurugu, nafsi na kujitambua

"Mimi" wa kwenye wimbo ndiye mtunzi?

Usimchukulie hivyo moja kwa moja. Katika nyimbo hizi "mimi" mara nyingi ni jina la nafasi, na nafsi tofauti hupita hapo zikikaa kwa zamu. Wimbo wetu una "mimi" aliyefungua kabati na "yule" aliyevaa uso wake, na jikoni wanakutana. Ukiwauliza nani ni halisi, wimbo hautakujibu, kwa sababu msukosuko wenyewe uko hapo: mtu haoni tena ni yupi kati ya wanaoishi ndani yake mwenye haki ya kuitwa kwa jina lake.

Kujitambua kunatokea wapi katika wimbo uliojaa vurugu?

Watu wengi wanatafuta mstari unaotangaza "sasa najijua". Katika nyimbo nzuri mstari huo haupo, na ukiwepo huwa ndio dhaifu kuliko yote. Kujitambua huonekana kwenye mabadiliko ya umbo, na mahali pa kwanza pa kuangalia ni kiitikio, kwa kuwa ndicho kinachorudi. Kitu kinachorudi bila kubadilika kinatuambia mtu bado yuko kwenye mzunguko. Kikirudi na mabadiliko madogo, kuna jambo limetokea katikati.

Katika wimbo wetu, mara ya kwanza mwimbaji anamtuma mtu mwingine: niitie yule, mwambie. Hawezi hata kuzungumza naye moja kwa moja. Baada ya jikoni anasema niite, na uso ameuvaa yeye. Nyumba iliyokuwa ikipanda peke yake imeondoka, anayepanda sasa ni yeye. Ngazi, zingatia, bado zimekwisha. Hakuna kilichotengemaa nje. Bahari haijarudi kabatini, saa haijapata meno. Kilichobadilika ni nani anayetenda.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodai kila wimbo wa msukosuko uishe kwa amani. Mtu anaweza kujitambua huku nyumba bado imejaa maji. Tena katikati ya ubeti wa jikoni kuna jambo chungu: ili ajitambue, ilibidi aonje kilichopikwa kutokana na kivuli chake, yaani ile sehemu aliyokuwa akiikimbia. Wimbo ungemwokoa na kijiko hicho, ungekuwa umetudanganya.

Kwa nini wimbo wenye vurugu unanituliza badala ya kunivuruga zaidi?

Kwa sababu vurugu yake ina mipaka. Wimbo una mwanzo na mwisho, mapigo yanahesabika, kiitikio kinarudi pale unapokitarajia. Unapewa machafuko ndani ya chombo kisichovuja, na kwa dakika chache akili yako inaona kwamba mambo haya yanaweza kubebwa. Kuna pia ile nafuu ya kugundua kwamba hali uliyodhani ni yako peke yako ina mtu aliyeipita akaipa sauti.

Si wote wanaotulizwa. Ukiona unarudia wimbo mmoja wa giza na kila ukimaliza uko chini kuliko ulipoanza, uweke kando kwa muda, hata kama ni wimbo bora.

Je, kuandika maneno ya namna hii kunatibu?

Kunaweza kusaidia, lakini hakuchukui nafasi ya tiba. Mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo waliandika kuhusu matukio yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Waliogusa tukio pamoja na hisia zake walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba faida ipo lakini kwa wastani ni ndogo.

Katika kazi zake za baadaye Pennebaker aliona jambo linalotuhusu sana: walionufaika zaidi walielekea kuongeza, siku hadi siku, maneno ya kuelewa na ya kutaja sababu. Walianza na rundo, wakaishia na uzi. Mtunzi anayerudia rasimu yake anafanya jambo linalofanana na hilo, na ndiyo maana ninawasihi wanaoandika kutoka kwenye maumivu wasiishie kwenye rasimu ya kwanza kwa madai kwamba ndiyo "ya kweli".

Ni lazima mtu awe ameumia sana, au ametumia dawa za kulevya, ili aandike hivi?

Hapana kwa yote mawili. Wimbo maarufu wa The Beatles wa 1967 kuhusu Lucy na almasi angani ulidhaniwa na wengi kuwa wa dawa za kulevya. Lennon alieleza kwamba ulitokana na mchoro wa mwanawe mdogo, Julian. Mtoto mwenye kalamu za rangi anatosha kuwa chanzo. Kila mtu anaota, na wengi wamewahi kusinzia wakasikia sentensi isiyo na kichwa wala miguu ikipita akilini. Malighafi ni hiyo. Ulevi na maradhi vimewakatiza watunzi wengi kazi wangali vijana, na hilo nalichukulia kuwa hasara tupu.

## Kutunga

Nataka kujaribu. Nianzeje?

Weka muda mfupi, tuseme dakika kumi, na uandike bila kuinua kalamu wala kufuta. Ukikwama, rudia neno la mwisho hadi lijalo lifike. Usijaribu kuwa wa ajabu. Anayelenga uajabu hupata mbwa mwenye mabawa na mwezi unaolia, vitu vilivyokwisha chakaa. Andika kile kinachofuata tu.

Kisha liache andiko lilale usiku mmoja. Ukirudi, piga mstari chini ya sehemu zinazokufanya ujisikie umeonekana, zile ambazo ungeona haya kidogo kumsomea mtu. Mara nyingi si zile zilizopambwa. Wimbo uanze hapo.

Njia nyingine ni kuanza na sauti. Paul McCartney wa The Beatles aliamka na muziki wa wimbo wake wa 1965 kuhusu jana ukiwa kamili kichwani, akauimbia kwa muda maneno ya muda kuhusu mayai ya kuvuruga hadi maneno ya kweli yalipokuja. Acha mdomo uimbe upuuzi juu ya mdundo, urekodi, kisha usikilize ni upuuzi upi unakataa kuondoka.

Nimesikia kuhusu kukatakata karatasi. Inafanywaje?

Unaandika au kuchukua ukurasa wa maneno, unakata vipande, unavichanganya, unasoma kinachojitokeza. Mshairi Tristan Tzara alipendekeza shairi la vipande vya gazeti karibu na mwaka 1920; mchoraji Brion Gysin aliigundua upya njia hiyo mwaka 1959 na kumwonyesha mwandishi William Burroughs. Mwanamuziki David Bowie aliitumia katika miaka ya 1970, na katika miaka ya 1990 akawa na programu ya kompyuta ya kumchanganyia sentensi. Thom Yorke wa kundi la Radiohead aliokota mistari kutoka kwenye kofia wakati wa albamu iliyotoka mwaka 2000, akiwa amekwama kabisa katika kuandika.

Ushauri wangu: kata maandishi yako mwenyewe, hasa barua ambazo hukuzituma au kurasa za shajara. Bahati nasibu ikifanya kazi juu ya maneno yako, inakurudishia mambo yako kwa mpangilio ambao usingethubutu kuupanga.

Vurugu iwe kiasi gani?

Chagua kitu kimoja au viwili vya kushikilia kabla hujavuruga vingine: mahali pamoja, kiitikio, sarufi safi, au mtu mmoja anayezungumziwa. Ukivuruga taswira, tuliza mdundo. Ukivuruga sarufi, tumia maneno ya kila siku. Vikivurugika vyote kwa pamoja, msikilizaji hana pa kuweka mguu, na hatahisi msukosuko wako, atahisi kelele.

Vina na mizani vinahitajika?

Havilazimishwi, lakini vina vina kazi ya pekee hapa. Kina huunganisha kwa sauti mambo mawili ambayo maana haiyaunganishi, na sikio linaamini uhusiano huo kabla akili haijauliza. Tena utafutaji wa kina hukuletea maneno ambayo usingeyafikiria.

## Visa vya pembeni

Wimbo wa kisurealisti unaweza kutafsiriwa?

Unaweza, kwa uangalifu. Kishawishi kikubwa cha mfasiri ni kufafanua, kumwondolea msikilizaji ugeni kwa kumpa sentensi inayoeleweka kuliko ya awali. Bahari ikimwagika kabatini, imwagike hivyohivyo. Pa kuhangaikia ni mapigo na viitikio, kwa sababu ndivyo vinavyoshikilia (tazama swali la "Nianzie wapi?" hapo juu).

Na nyimbo zisizo na lugha yoyote?

Hizo zipo ukingoni. Kundi la Sigur Rós la Iceland lilitoa mwaka 2002 albamu nzima iliyoimbwa kwa silabi zisizo na maana ya kamusi, na kijitabu chake kilikuwa na kurasa tupu. Hapo sauti inabaki peke yake na hisia. Kuna kitu kinapotea, hata hivyo: bila sarufi hakuna "mimi" wala "yule", kwa hiyo ile safari ya nafsi kutoka nafasi moja hadi nyingine haiwezi kusimuliwa, inaweza tu kudokezwa na muziki.

Niliusikia mstari vibaya kwa miaka mingi, na ule wangu naupenda zaidi.

Ubaki nao kwa ajili yako, ila usiutumie kuuchambua wimbo. Uandike pembeni: umeshatunga mstari wako wa kwanza.

Programu ya kompyuta inaweza kuandika mistari kama hii. Kuna tofauti gani?

Mistari ya ajabu ni rahisi kuzalisha kwa mashine. Kofia yenye vipande vya karatasi ilikuwa ikifanya hivyo zamani. Kazi ya mtunzi ilikuwa kuchagua, kwa sababu kipande fulani kilimgusa mahali panapouma na vingine havikumgusa. Tumia programu ukipenda, mradi uchaguzi ubaki kwako na uweze kusema kwa nini mstari huu umebaki.

Mtu wa karibu nami ameandika maneno ya kutisha. Niogope?

Giza kwenye wimbo peke yake si dalili ya ugonjwa. Wengi huandika hivyo wakiwa wazima kabisa. Angalia maisha nje ya wimbo: amejitenga, halali, anagawa vitu vyake, anazungumza kana kwamba hatakuwepo? Ukiona hayo, weka uchambuzi kando, umwendee na umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza mtu hivyo hakumpandikizii wazo hilo, na mara nyingi humpunguzia mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na mtafute daktari au mshauri siku hiyohiyo.

Wimbo nilioutunga wakati wa msukosuko sijitambui tena ndani yake. Niendelee kuuimba?

Uimbe ukiweza kusimama mahali pa aliyeuandika bila kuigiza maumivu usiyo nayo. Ukishindwa, una njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha kiitikio cha mwisho tu, beti uziache zilivyo, ili wimbo uonyeshe ulikotoka na ulipofika. Ya pili ni kumpa mtu mwingine auimbe. Usizifanyie beti za zamani usafi ili zikufanane leo. Msikilizaji aliye mahali ulipokuwa wakati ule anazihitaji kama zilivyo.